Mwembe wa Uani, Komba wa Usiku na Kunguru wa Mchana

Swali: Uani kwetu, mtaa wa Muyeye hapa Malindi, upo mwembe mkubwa wa ngowe uliooteshwa na marehemu mama mkwe wangu. Chini yake ndipo tunapotandika mkeka baada ya alasiri, majirani wakaja, tukanywa kahawa na kuzungumza hadi magharibi. Mwaka huu kitumbua kimeingia mchanga. Usiku komba huruka juu ya paa la makuti na kulia hata watoto wakashtuka. Popo huchafua ukuta wa baraza. Kunguru wamewachukua karibu vifaranga wangu wote. Maji moto huwauma watoto wakipanda mti. Na konokono wameumaliza mchicha. Jirani wa mkono wa kulia ananihimiza niukate mwembe na nitege sumu ndani ya vichwa vya samaki. Jirani wa mkono wa kushoto, kinyume chake, huwawekea komba ndizi na mkate kila jioni kwa sababu wageni wake hupenda kuwatazama. Mwalimu, nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote. Vichwa vya samaki vyenye sumu visitegwe, si leo wala kesho. Mengine yote uliyoyaeleza yanaweza kusubiri wiki moja au mbili bila mtu kudhurika, lakini sumu ikishawekwa uani haimchagui inayemlenga. Kunguru ni ndege mwerevu sana, huzunguka chakula kigeni na kukitazama kwa muda mrefu kabla ya kukidonoa, na wakati yeye bado anasita, watakaokuwa wamekwisha fika ni paka wa jirani, kuku wako mwenyewe, na Mungu apishe mbali, mtoto anayetambaa. Kabofurani, ile sumu ya wadudu ya mashambani ambayo huuzwa ikiwa chembechembe, imewahi kutumiwa vibaya humu nchini hata ikaua simba. Sumu ya panya nayo huua polepole. Panya huzubaa kwa siku kadhaa akiwa hai, naye bundi akamdaka kwa wepesi na kufa kwa mlo huo. Najua kwamba wengi wetu tumelelewa tukiogopa sauti ya bundi juu ya paa, na simlaumu mtu kwa alichokirithi kwa wazee wake, lakini anayemuua bundi huwa amewaachia panya uwanja. Zaidi ya hayo, kuua wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013.

Baada ya hilo, naweza kukujibu moja kwa moja: usimsikilize yeyote kati ya majirani hao wawili. Katika wageni watano uliowataja, mmoja tu ndiye anayestahili kupigwa vita, naye ni kunguru. Wanne waliobaki ni wenyeji wa pwani hii tangu zamani za kale, na usumbufu wao unatokana zaidi na chakula kinachoachwa wazi na upenyo unaoachwa katika jengo kuliko na mti wenyewe. Mwembe wako hauna hatia.

Nianze na huyo kunguru, kwa sababu ndiye aliyekutia hasara kubwa. Tazama shingo yake. Kunguru wetu wa asili ana kifua na ukosi mweupe unaoonekana hata akiwa mbali, wala hakai mjini kwa wingi mno. Huyu anayekusumbua ni mwembamba zaidi, na shingo yake hadi kifuani ni ya rangi ya kijivu. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji, na kutoka huko amesambaa katika miji ya pwani. Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Mahali alipofika hula mayai na makinda ya ndege wengine bila kuchoka. Ukiona kwamba chozi hawaji tena kwenye maua ya mkomamanga, wala mnana hawafumi viota kwenye makuti ya mnazi kama walivyofanya ulipokuwa mtoto, mshuku kunguru huyu kabla ya kumshuku mwingine yeyote.

Idadi yake imepanda hata Serikali ikaingilia kati. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru 1,000,000 katika pwani na miji mingine walikoenea, kwa kutumia sumu maalumu iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo pekee. Watumiaji wake ni watu waliofunzwa, ambao kwanza huwazoesha kunguru kula nyama safi mahali pamoja, wakahakikisha kwamba hakuna mnyama mwingine anayefika, ndipo wakaitia dawa. Na dawa yenyewe huvunjikavunjika ndani ya mwili wa kunguru kabla hajafa, jambo linalopunguza sana hatari kwa paka atakayeuokota mzoga. Hiyo ni kazi tofauti kabisa na ile anayokushauri jirani yako. Ikiwa kunguru wamezidi mtaani, nendeni watu kadhaa pamoja katika ofisi ya KWS iliyo karibu mkaripoti, kwa kuwa malalamiko ya mtaa mzima huwa na uzito kuliko ya nyumba moja.

Wakati huo huo, yapo mengi unayoyaweza mwenyewe. Vifaranga wasiachwe wazi katika wiki zao sita za mwanzo. Watie pamoja na mama yao ndani ya tenga, au uwatengenezee uzio mdogo uliofunikwa juu kwa wavu mkuukuu wa kuvulia, ambao wavuvi wa ufukweni mara nyingi hukubali kuutoa kwa bei ndogo au bila malipo. Matundu yake yawe madogo kiasi cha kutopenya kichwa cha kunguru, na wavu uwambwe kwa nguvu usije ukamnasa kuku. Jambo la pili ni samaki. Kupara samaki uani na kuacha magamba, matumbo na matamvua sinia zima wazi ni kuwaalika kunguru karamu, nao huikumbuka nyumba yenye karamu. Uchafu wa samaki ufukiwe papo hapo au utiwe ndani ya ndoo yenye kifuniko kizito. Jambo la tatu ni viota. Huvijenga juu ya miti kwa vijiti na vipande vya waya, hutaga mayai matatu hadi matano, na mayai hayo huanguliwa baada ya siku 16 au 17, hivyo kiota kinachobomolewa kabla ya muda huo hukuepusha na kundi jipya. Atakayekibomoa afunike kichwa kwa kofia ngumu au ndoo, kwani kunguru hushambulia, na huikumbuka sura ya mtu aliyembomolea. Pia awe na yakini kwamba kiota hicho ni cha kunguru mwenye shingo ya kijivu.

Sasa tuje kwa komba, ambaye nakiri kwamba ninampenda. Sauti inayowashtua watoto wako ni ya mnyama mwenye uzito wa takriban kilo moja, mwenye macho makubwa na mkia mnene, anayetangaza mipaka ya eneo lake kwa komba wenzake. Hajeruhiwi, hana hasira, wala si pepo. Waonyeshe watoto. Washike tochi iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu, wasimame uani kimya baada ya isha, na watayaona macho yake yaking'aa juu ya tawi. Mtoto akishamwona mwenye sauti, sauti ile haimtishi tena. Uchunguzi uliofanywa katika misitu ya pwani ya Kenya, ikiwemo ya Diani na Gede, umeonyesha kwamba chakula chake ni takriban nusu matunda na nusu wadudu. Maana yake ni kwamba anayekula embe lako moja usiku ndiye huyo huyo anayekula mende, panzi na nondo wa uani kwako. Sisi watu wa pwani tunamjua zaidi kwa kuiba tembo la mgema mnazini, hadi mlevi akafananishwa naye, na mtu huweza kusahau kwamba saa zake nyingi za usiku huzitumia kuwinda wadudu.

Kinachomleta juu ya paa lako kwa wingi mwaka huu, kwa maoni yangu, ni ndizi na mkate wa jirani wa mkono wa kushoto. Komba wa msituni hutawanyika, kila mmoja akizunguka katika miti yake kutafuta chakula; anayewekewa sinia kila jioni hubaki karibu, huwakuta wenzake hapo, na wakikutana hugombana na kupiga kelele. Mkate si chakula chake, na kuzoea mikono ya watu humfanya athubutu kuingia jikoni, ambako akibanwa pembeni huuma. Mweleze jirani kwa upole, pengine kwa kumpelekea maembe na kuzungumza naye barazani kwake, kwamba wageni wake watafurahi zaidi wakimwona komba akirukaruka mwembeni kuliko wakimwona amekaa kwenye sinia. Apunguze chakula kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha aache.

Upande wako, chunguza kama komba analala ndani ya makuti au anapita tu. Utamjua kwa harufu, kwa kuwa ana desturi ya kulowesha viganja na nyayo zake kwa mkojo, na mahali anapopita kila siku hubaki na madoa na harufu kali. Ikiwa analala humo, tazama magharibi anatokea tundu gani, kisha uzibe tundu hilo usiku akiwa ametoka. Lakini kabla ya kuziba, mtu apande na kuangalia kwa makini kama kuna mtoto, kwa sababu komba jike humwacha mtoto wake mafichoni anapokwenda kutafuta chakula, na mtoto aliyezibiwa ndani atakufa huku mama akilia nje usiku kucha. Akiwepo, vumilieni wiki chache mpaka aweze kumfuata mama yake.

Popo wako nadhani ninamjua. Ukimmulika na kuona vijidoa vyeupe chini ya masikio, basi ni yule popo wa matunda ambaye huchuma embe au kungu mtini, akaja nalo chini ya ukingo wa paa, akaning'inia hapo, akatafuna, akafyonza maji na kutema makapi. Ndiyo maana ukuta wa baraza umechafuka ilhali hakuna popo hata mmoja anayelala hapo mchana. Dawa yake ni kumwondolea mahali pa kushika. Funga chandarua kikuukuu kilichokazwa vizuri chini ya boriti anayoipenda, au utundike vipande vya kitambaa vinavyochezewa na upepo, au uache taa ndogo ikiwaka hapo kwa usiku kadhaa. Atahamia mti mwingine. Ukuta usafishwe kwa maji ya sabuni, na jabia au pipa la maji ya mvua lifunikwe sikuzote. Embe lenye alama ya meno litupwe. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na popo, komba, au mnyama yeyote asiyejulikana hali yake, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa. Sisemi hivyo ili umchukie popo. Mbuyu hufungua maua yake usiku, na hapa kwetu popo ndiye mchavushaji wake mkuu. Bila yeye watoto wa Malindi wangekosa hata ubuyu.

Kuhusu maji moto, nitakushangaza kidogo: ukiniuliza ni nani mlinzi bora wa mwembe wako, nitakutajia wao. Wale wekundu wanaokunja majani mabichi na kuyashona kwa nyuzi zinazotolewa na mabuu wao hula au kufukuza karibu kila mdudu anayetua mtini. Katika minazi humzuia yule mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza vidaka mpaka vikaanguka, na wakulima wa minazi na mikorosho wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua msaada wao. Nchini Benin watafiti waliona kwamba miembe yenye maji moto wengi hupata nzi wa matunda wachache. Hilo ni jambo kubwa kwetu, kwa sababu nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, na tangu hapo ameharibu maembe mengi sana. Bila shaka umekwisha pasua embe zuri kwa nje ukakuta funza ndani. Kwa hiyo waache maji moto juu ya mti, na watoto waanguliwe maembe kwa ngoe kutoka chini. Ikiwa ni lazima watoto wapande, mchagulieni mti mwingine, kwa mfano mkungu au mpera, ambao hauna viota vyao. Shina la mwembe likipakwa majivu mengi makavu upande wa mkekani, maji moto hawashuki kwa wingi hapo, ila majivu yarudiwe kila mvua inaponyesha.

Hapa ndipo ninapotaka kukazia jambo ambalo majirani wako wote wawili wamelisahau. Maembe yanayoanguka yaokotwe kila asubuhi. Yakiachwa chini, funza wa nzi wa matunda hutoka na kuingia ardhini, wakatoka nzi wapya. Panya huja usiku, kunguru huja alfajiri, konokono hujificha chini ya maganda, na komba na popo hujua kwamba uani hapo pana mlo usio na kazi. Mabovu yafukiwe katika shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, udongo ukandamizwe vizuri; mazima yaliyochubuka yapikwe achari au yapewe mbuzi. Kazi hii ya asubuhi, ikifanywa na kila nyumba yenye mwembe, ingetuliza mtaa mzima kuliko sumu yoyote.

Konokono hawahitaji maneno mengi. Mkubwa wetu huyu ni mwenyeji halisi wa Afrika Mashariki, na jike na dume ni mmoja, kila mmoja akiweza kutaga mayai hadi 200 kwa mkupuo. Mwagilia mchicha asubuhi badala ya jioni ili udongo uwe mkavu usiku. Ondoa vibao, vifuu na marundo ya majani wanamojificha mchana. Na usiku wa mvua tokeni na tochi mkawaokote kwa glavu, msiwashike kwa mkono mtupu, kwa sababu wanaweza kubeba vimelea vinavyodhuru ubongo wa binadamu. Mboga za uani zioshwe jani kwa jani na zipikwe ziive. Chumvi usiimwage bustanini, kwani itawaua konokono wawili na kuharibu tuta zima.

Nimebakiza mwembe wenyewe. Ukiukata, popo watakwenda kwenye mkungu wa jirani, komba watabaki juu ya paa kwa sababu ndizi bado zipo, kunguru watahamia mnazini wakiendelea kuwaona vifaranga wako, na ninyi mtakuwa mmekosa kivuli katika miezi ya kaskazi, jua linapowaka na ukuta wa matumbawe ukatoa joto hadi usiku wa manane. Mti wa umri huo haurudi kwa miaka michache. Atakayeotesha mwingine leo ataweka mkeka chini yake watoto wako watakapokuwa na watoto wao. Mama mkwe wako aliwaachia mahali pa kukaa na watu, na majirani wanaokuja kunywa kahawa hapo ndio watakaokusaidia kuokota maembe, kuripoti kunguru na kumwangalia mtoto asiguse kitu cha hatari. Siwezi kukushauri uharibu hilo.

Unachoweza kufanya ni kuupogoa. Ondoa matawi yanayolala juu ya paa na yale yanayolikaribia, ukiacha pengo pana, kwani komba ni mrukaji hodari na pengo la hatua moja ni kazi bure kwake. Matawi makavu ya ndani yatolewe ili upepo upite na viota vya kunguru vionekane kwa urahisi kutoka chini. Kazi ifanywe mavuno makuu yanapomalizika, kabla masika hayajakolea, kwa sababu mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na ukichelewa utakuwa unakata maembe ya msimu ujao. Tumia mtu anayeijua kazi hiyo, mwenye kamba na msumeno mkali, akate kwanza kutoka chini ya tawi kisha juu, ili gome lisichanike hadi shinani. Na kwa kuwa tawi moja kubwa limevuka ukuta na kuingia kwa jirani wa mkono wa kulia, mwarifu siku mbili kabla, aondoe nguo zake kambani, na kuni za upande wake uzikate kwa kipimo anachokitaka umpe.